Maji Ndani ya Mlango

Mlango wa gari ulipofungwa ulitoa sauti ya dumu lililojaa nusu. Nesi aliyeshika kitasa akaufungua tena, akaufunga tena, taratibu, ili kijana asikie vizuri. Hakugomba. "Mwanangu," alisema, "sikiliza mwenyewe."

Kijana alisikiliza. Maji yalikwenda mbele, yakagonga bati, yakarudi nyuma.

Ilikuwa Aprili 2009, katikati ya masika ya Dar es Salaam. Gari lilikuwa Toyota Corolla 110 nyeupe, na mlango wenyewe ni ule wa mbele kushoto, ambao kijana aliubadilishia kioo wiki tatu kabla, siku za jua kali, kwa dakika 40 tu. Alikuwa na miaka 20, mwaka wake wa pili wa kujifunza ufundi kwenye gereji ya chini ya miti huko Tabata, na zile dakika 40 alizihesabu kuwa ushahidi kwamba sasa anaweza kuachiwa gari peke yake. Kioo kilipanda, kikashuka, kikaziba. Nesi alilipa, akashukuru, akaondoka. Kisha mvua zikaanza. Mfuko wa sare zake nyeupe, ambao siku zote huuweka chini upande wa abiria, ulifika hospitali umeloa, na kapeti ikaanza kunuka kama godoro lililokosa jua.

Leo kijana huyo ana gereji yake na vijana wanaojifunza kwake. Kioo cha mlango ndiyo kazi ya kwanza anayowapa, kabla ya breki, kabla ya injini, na kila anapoifundisha huanza na Corolla ile.

Aliyeufungua mlango siku hiyo ni mzee wa gereji. Hakushika bisibisi kwanza. Alichuchumaa, akapitisha kidole chini kabisa ya mlango, kwenye ukingo ambao bati la nje na la ndani hukutana, akawa anapapasa kama mtu anayetafuta pindo la nguo. Kidole kikasimama. Akaomba spoku ya baiskeli, akaichomeka pale, akaizungusha. Kwanza zikatoka chembe za kioo, kubwa kama punje za mahindi, zimeshikana na tope. Kisha maji ya kahawia yakabubujika, yakatengeneza mfereji mdogo mchangani mpaka kwenye viatu vya kijana. Mzee akasogea sentimita kadhaa, akatafuta tundu la pili. Nalo lilikuwa limeziba vivyo hivyo.

Ndipo akafungua kava la mlango. Nyuma ya kava kulikuwa na nailoni iliyochanwa kwa wembe kutoka kona hadi kona, inaning'inia. Kijana ndiye aliyeichana. Siku ile ya dakika 40 nailoni hiyo ilimzuia kupitisha mkono, akaona ni karatasi ya kiwandani tu, kama ile inayofunika kiti kipya.

"Nani alikwambia mlango hauingii maji?" mzee aliuliza.

Hakuna aliyemwambia. Aliamini hivyo mwenyewe, kama wanavyoamini wenye magari wengi hadi leo. Wakiona kapeti imeloa wanalaumu raba, wananunua raba mpya, na kapeti inaendelea kuloa. Ukweli ni kwamba mlango wa gari umeundwa ukijua kuwa maji yataingia. Ile raba nyembamba inayogusa kioo kwa nje, pale kinapozama mlangoni, kazi yake ni kufuta. Haiwezi kuzuia kila tone. Mvua inateremka kwenye kioo, inapenya pembeni mwa raba, inaangukia tumboni mwa mlango, inakimbilia chini na kutoka kwenye matundu yaliyotobolewa makusudi. Mlango una vyumba viwili: cha nje ni cha maji, cha ndani ni cha watu. Ukuta kati ya vyumba hivyo ni ile nailoni, iliyogandishwa pande zote kwa gundi nyeusi isiyokauka. Kijana alikuwa ameziba mlango wa kutokea maji kwa vipande vya kioo, na papo hapo akavunja ukuta.

Kioo cha kwanza chenyewe kilivunjika kwa jambo dogo. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya uwanja wa nyasi, mtu akifyeka kwa mashine ya petroli, ile yenye waya unaozunguka. Kokoto moja ikaruka. Nesi alipotoka kazini alikuta upande mzima uko wazi na kiti kimejaa chembe, na kokoto yenyewe haikuonekana. Kwa asiyejua inaonekana kama ajabu, kioo kikubwa kile kumalizwa na kijiwe. Kilikuwa kimefanya kama kilivyoagizwa kufanya.

Kioo cha mlangoni hupashwa moto kupita nyuzi joto 600, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Uso wake unaganda kwanza huku moyo ukiwa bado wa moto. Moyo unapopoa baadaye na kutaka kusinyaa, unauvuta uso uliokwisha kuganda, na uso unabaki umebanwa. Mbano huo ndio unaokipa nguvu ya mara kadhaa kuliko kioo cha dirisha la nyumba chenye unene uleule. Mfaransa François de la Bastie alipata hataza ya kuimarisha kioo kwa namna hiyo mwaka 1874, ingawa yeye alitumia mafuta ya moto badala ya hewa. Ndani ya kioo kama hicho nguvu mbili zinavutana muda wote. Kitu kidogo, kigumu na chenye ncha kikitoboa ule uso uliobanwa, mvutano wa ndani unaachiliwa mara moja na kioo chote kinamomonyoka. Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari inataka katika mraba wa sentimita 5 kwa 5 visihesabiwe vipande chini ya 40. Maana yake vipande viwe vidogo na butu kiasi kwamba abiria atachubuka badala ya kukatwa shingo.

Kioo cha mbele ni habari nyingine. Hicho ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, kinapasuka kama utando wa buibui na kubaki mahali pake. Siku hizi magari kadhaa mapya yana vioo vya namna hiyo hata milangoni, hasa mbele, ili kupunguza kelele. Fundi wetu anawasisitizia vijana wasibadili aina moja kwa nyingine bila mwenye gari kujua, kwa kuwa mtu aliyenunua nyundo ya dharura ya kuvunjia kioo anategemea kioo kitakachovunjika.

Hizo chembe nyingi ndizo zinazoifanya kazi hii kuwa ndefu. Kioo kikimomonyoka, nusu huanguka kitini na barabarani ambako kila mtu anaiona. Nusu nyingine huzama mlangoni. Inakaa juu ya mkono wa mashine ya kioo, ndani ya reli, kwenye pembe za bati, na nyingi zaidi chini kabisa, juu ya matundu ya maji. Kijana alikuwa amefagia kiti kwa uangalifu mkubwa. Mlango hakuugusa.

Mzee alimfundisha kuusafisha siku ileile, nesi akiwa amekaa kwenye benchi anakunywa chai. Mashine ya kufyonza vumbi gerejini haikuwepo. Walichukua kipande cha mpira wa bomba la maji, wakapuliza upepo wa kompresa kutoka juu kuelekea chini, wakapiga mlango kwa kiganja, wakapuliza tena. Kisha mzee akafunga kitambaa kilicholowa kwenye ncha ya fimbo, akakipitisha pembe kwa pembe, kila mara kikitoka na punje tano, sita, zinameta. Halafu akamwambia kijana aingize mkono kwenye reli ya nyuma, ile raba yenye mfereji ambamo kioo hupanda. Ndani ya mfereji kulikuwa na chembe mbili zimejichimbia. Kwa wiki tatu kioo kipya kilikuwa kinapanda na kushuka juu yake, na tayari kilikuwa na mstari mweupe, mrefu kama kidole, karibu na ukingo.

Mstari ule ulimuuma kijana kuliko maji. Maji yalikuwa yametoka; mchubuko hautoki. Nao umekaa mahali pabaya, kwa sababu kioo cha namna hii nguvu yake iko usoni na udhaifu wake uko ukingoni. Unaweza kukigonga katikati kwa ngumi usikidhuru, lakini ukikisimamisha juu ya sakafu ya zege, ukingo wake ukagusa punje moja ya mchanga, kinaweza kuishia mikononi mwako. Ndiyo maana gerejini kwake sasa kioo hakigusi chini. Kinalazwa juu ya kanga kuukuu iliyokunjwa, daima, hata kama ni kwa dakika moja ya kutafuta spana.

Nesi hakutozwa chochote siku hiyo. Mzee alinunua nailoni nzito ya mita moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani, wakaikata kwa kufuata ile ya zamani, wakaipasha gundi nyeusi kwa jua mpaka ikalainika, wakaibandika pande zote. Sehemu ya chini waliikunja kuelekea ndani ya mlango, ili tone litakaloteremka juu yake lirudi kwenye chumba cha maji. Sehemu hiyo ya chini ndiyo mafundi wengi huibandika upande wa kava, nayo hugeuka mfereji wa kupeleka maji kwenye kapeti.

Baada ya hapo kijana alianza kuangalia kazi za wenzake, na za wengine waliomtangulia, kwa jicho lililobadilika. Mtaani Gerezani na Kariakoo, kwenye safu za maduka ya spea, aliona jinsi kioo kinavyonunuliwa. Mteja anataja gari, muuzaji anapanda kwenye rundo la mitumba, anashuka na kioo, wanakikadiria kwa macho. Gari ni lilelile, lakini la milango minne na la mgongo mrefu hayana kioo kimoja cha nyuma, na toleo la mwaka mmoja linaweza kupishana na la mwaka unaofuata kwa sentimita moja. Sentimita hiyo haina dawa. Kioo kilichokwisha kupitishwa motoni na kupozwa hakikatwi wala hakisagwi. Aliwahi kumshuhudia fundi jirani akijaribu kupunguza kona kwa grainda, baada ya mteja kukataa kurudi dukani. Diski iligusa, zikapita sekunde mbili, na kilichobaki mezani kilikuwa rundo la chembe na watu wawili wasio na la kusema.

Kwa hiyo anasoma maandishi. Kila kioo cha gari kina mhuri mdogo kwenye kona, na mhuri huo huzungumza. Herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba huonyesha nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Maandishi 43R yanataja ile kanuni ya Umoja wa Mataifa, hayahusiani na namba ya Japani, ingawa zimefanana. Kwenye vioo vinavyokidhi masharti ya Marekani utakuta AS1 kwa kioo cha mbele na AS2 kwa kioo kinachoruhusiwa kwingine pote, kikipitisha angalau asilimia 70 ya mwanga. AS3 ni cha giza, hakina kiwango hicho. Akikuta mlango mmoja una kioo chenye mhuri tofauti na mitatu mingine, anajua mlango huo umewahi kufunguliwa, na anauangalia chini kabla ya kuanza jambo jingine lolote.

Kuna mhuri mwingine ambao haukutoka kiwandani. Dar es Salaam, kama Nairobi, wenye magari huchora namba ya usajili kwenye vioo na saiti mira ili mwizi akose soko. Siku moja kijana aliletewa kioo kizuri, bei ya chini, chenye kiraka cha ukungu pale chini ambapo namba imesuguliwa. Muuzaji alisema hiyo inafichwa na raba, haitaonekana. Alikirudisha. Alikuwa na sababu mbili, na aliyeleta kioo aliambiwa zote mbili: kwamba namba iliyofutwa ilikuwa ya mtu, na kwamba uso uliosuguliwa umeshapoteza sehemu ya ule mbano unaoushikilia.

Kazi ya kukiweka kioo, ukishapata kilicho sahihi na mlango ukishakuwa safi, si ya kubabaisha lakini si ngumu. Anaondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Kwa magari yenye mifuko ya hewa vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka usubiri sekunde 90 kabla ya kugusa waya zake, naye husubiri dakika mbili nzima. Kabla ya kulegeza bolti zozote za reli au za mashine ya kioo anachora mzunguko wa kila kichwa cha bolti kwa penseli nyeupe. Anayeona hilo mara ya kwanza hudhani ni urembo. Matundu ya bolti hizo yamepanuliwa makusudi ili kioo kirekebishwe mwinamo, na ukizilegeza bila alama, kioo kitapanda mshazari, kitabana nyuma na kuacha upenyo mbele, na utahangaika nusu siku ukitafuta mahali kilipokuwa asubuhi.

Kioo kinaingizwa kwa kuinamishwa, pua ya mbele kwanza, kisha kinanyooshwa ndani ya mifereji ya raba. Kikishakaa juu anakishikilia kwa soloteipu pana iliyopita juu ya fremu ya mlango, upande wa nje na wa ndani, na mikono yake inakuwa huru. Bolti mbili za namba 10 zinazokiunganisha na mashine huwa na vikombe vya plastiki ili chuma kisiguse kioo. Vikombe hivyo vikipotea, au bolti ikikazwa kwa hasira, kioo hupasuka palepale au, kibaya zaidi, wiki moja baadaye kwenye tuta la barabarani. Vijana wake hufundishwa kukaza kwa viganja na kusimama pale bolti inapoanza kukataa.

Wateja wengine hutaka raba zipakwe mafuta ili kioo kiteleze. Hapo huwa mkali. Grisi na mafuta ya injini hulainisha kwa mwezi mmoja, kisha hukamata vumbi la barabara za mtaa na kuwa msasa, na raba yenyewe huvimba ikalegea. Dawa ya silikoni kidogo, au kitambaa chenye maji ya sabuni, chatosha.

Halafu yupo yule mteja wa Toyota ya miaka ya karibuni aliyerudi siku hiyohiyo akisema mota imekufa, kioo kinapanda nusu na kushuka chenyewe, na taa ya swichi inamweka. Mota haikuwa na ubaya wowote. Gari lilikuwa limesahau juu ni wapi, kwa sababu betri iliondolewa, na kifaa cha kulinda vidole visibanwe kilikuwa kinakataa kukifunga kioo kikamilifu. Walikipandisha kwa vipande vipande hadi juu kabisa, wakashikilia swichi kwa sekunde chache, taa ikatulia. Tangu hapo haachi gari liondoke kabla ya kujaribu kila swichi, ya dereva na ya mlango wenyewe.

Jaribio la karatasi anafanya pia: kipande chembamba kinawekwa juu ya raba, kioo kinafungwa, karatasi inavutwa. Ikitoka bila kukwama, upepo na maji vitapita hapo. Anarudia kila baada ya kiganja kimoja, kutoka kona ya mbele hadi ya nyuma.

Nesi alikuja na Corolla yake kwa miaka mingine minne, kwa breki, kwa klachi, kwa kubadilisha oili. Kila alipofika aliufunga mlango wa kushoto mara moja kwa nguvu kidogo, wakasikiliza wote wawili, kisha ndipo akaeleza kilichomleta.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mmoja wa vijana wa gereji alimaliza kioo cha mlango wa nyuma wa Toyota Noah. Kava lilikuwa limesharudishwa, skrubu zote ziko mahali pake, kioo kinang'aa. Fundi alichota maji kwenye ndoo kwa kopo la lita moja, akamwaga polepole juu ya kioo, karibu na raba, kutoka mbele kwenda nyuma. Wote wawili wakachuchumaa mchangani, mashavu karibu na ardhi. Tundu la mbele likatiririka. La katikati likatiririka. La nyuma likabaki kavu. Wakasubiri. Kijana akajifuta mikono kwenye suruali, akainuka, akachukua bisibisi, akaanza kufungua skrubu ya kwanza ya kava.